Umeisoma Ripoti Yenyewe?

Mwalimu aliyesimamia tasnifu yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizisoma kurasa zangu kumi na mbili mbele yangu, penseli mkononi, asiseme lolote, kisha akaizungushia duara sentensi moja ya ukurasa wa tatu na kunisogezea karatasi. Katika kazi yote ile, hiyo ndiyo sentensi niliyoiona salama kuliko nyingine. Ilisema kwamba mwaka 1991 asilimia 80 ya Watanzania walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 20 wakataka vyama vingi, na serikali ikaamua kuwasikiliza wale wachache. Nani katika nchi hii asiyelijua hilo? Nililisikia redioni nikiwa sekondari, nikalisikia barazani kwa baba yangu Tanga, nikalikuta kwenye maelezo ya mwaka wa kwanza na katika kitabu kimoja ambacho nilikitaja vizuri kwenye tanbihi.

"Umeisoma ripoti yenyewe?" akauliza.

"Ripoti ipi, Mwalimu?"

"Ya Tume ya Nyalali. Si ndiyo unayoisemea hapa?"

Nikanyamaza. Ndiyo tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyokusanya maoni hayo ya mwaka 1991. Akanyanyuka, akafungua dirisha, akanionyesha kwa kidole jengo lililokuwa ng'ambo ya miti. "Iko pale. Ukishaisoma, uje tuzungumze."

Ilikuwa mwaka 1998, nami nilikuwa mwaka wa mwisho wa sayansi ya siasa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlimani tulikuwa na neno letu, desa: maelezo ya somo uliyoyanakili kwa aliyekutangulia, naye aliyanakili kwa mwingine, mpaka hapakuwa na aliyejua yalianzia wapi. Siwalaumu wenzangu, wala sijitoi. Wanafunzi tulikuwa wengi, vitabu vichache, na bumu, yaani posho yetu ya chuo, likikata hata fotokopi ya kurasa tano ilikuwa mtihani. Lakini desa lina ubaya wake. Linakupa jibu na kukuficha lilikotoka. Na katika mambo ya siasa kila anayelipokea jibu ana sababu ya kulipunguza hapa na kuliongeza pale kabla ya kulipitisha.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mbele ya makabati ya kadi. Waliosoma miaka ya karibuni huenda hawakuyawahi: droo ndogo ndogo, kila moja imejaa kadi zilizopigwa taipu na kushikwa kwa ufito wa chuma zisichomoke. Nilivuta droo ya herufi N. Nyalali hayumo. Nikavuta ya F, kwa Francis. Hayumo. Nikatafuta "vyama vingi", nikatafuta "demokrasia", nikapata vitabu vya Ulaya na Marekani ya Kusini. Karibu saa nzima ilipita. Mkutubi mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akinitazama kutoka dawatini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Naona hizo droo umezifungua zote. Unatafuta nini?"

"Ripoti ya Nyalali. Mwalimu anasema iko hapa, mimi siioni."

"Nyalali hakuandika kitabu," akasema kwa upole. "Aliyeandika ni Tanzania. Vuta T."

Sijapata kusahau jibu lile. Ripoti ya tume ya serikali, kwa kanuni za wakutubi, mwandishi wake ni nchi, kisha chombo cha nchi hiyo, ndipo jina la ripoti. Mtu aliyeongoza tume huweza asionekane kabisa kwenye kadi. Nilipofika kwenye T nilikuta kadi nyingi ajabu zinazoanza kwa neno Tanzania: wizara, tume, Bunge, mahakama, ofisi ya takwimu. Na katikati yake, hii hapa: Tume ya Rais ya Mfumo wa Chama Kimoja au Vyama Vingi vya Siasa Tanzania.

Mzee yule hakuishia hapo. Aliniuliza kama nitahitaji na mambo ya zamani zaidi, nikamwambia ndiyo, nataka kuanzia mwaka 1965 chama kimoja kilipoingia katika katiba. Akaniambia basi nisiitafute nchi hii kwa jina moja. Ya Wajerumani yako kwa jina la Kijerumani la koloni lao. Ya Waingereza yako chini ya Tanganyika. Ya tangu Uhuru wa Desemba 1961 hadi Muungano wa Aprili 1964 yako Tanganyika vilevile, ila sasa ni serikali nyingine. Kisha kuna miezi michache ya mwaka 1964 ambapo nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kabla ya jina Tanzania kupatikana Oktoba mwaka huohuo. Zanzibar nayo ina kadi zake, kabla na baada. Nilikuwa nimesoma historia ya katiba ya nchi yangu kwa miaka miwili darasani, lakini sikuwahi kuiona imepangwa hivyo mbele yangu, droo baada ya droo, kila badiliko la dola limeacha jina lake kwenye kadi.

Alinifundisha na herufi za rafuni. Nadharia ya siasa huanzia JC, serikali na vyama vya Afrika viko JQ, historia ya Afrika ni DT. Ujamaa uko HX, mbali kabisa na JQ, ndiyo maana mwanafunzi anayetafuta habari za Azimio la Arusha katika rafu moja tu hurudi na nusu ya habari. Na akanipa agizo moja: ukishapata kitabu ulichokifuata, usiondoke hapo. Soma migongo ya majirani zake, vitano kushoto, vitano kulia. Mpaka leo nafanya hivyo. Vitabu vilivyonifaa sana maishani, vingi sikuvitafuta. Nilivikuta vimesimama karibu na kile nilichokifuata.

Ripoti haikuwa rafuni. Ilikuwa East Africana, chumba cha hazina ya maktaba ile, ambako wamehifadhi machapisho ya serikali, magazeti ya zamani, tasnifu, na makaratasi ya watu kama Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtafiti wa jamii wa serikali ya kikoloni na akaacha maandishi mengi juu ya mila na uongozi wa makabila ya Tanganyika. Kitabu cha East Africana hakitoki nje. Unajaza fomu, unaletewa, unakisomea hapohapo, unakirudisha. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Baadaye nilielewa kwamba kama kingekuwa kinatoka, mimi nisingekikuta.

Nilikaa na ripoti ile siku tatu.

Jambo la kwanza lililonigonga ni kwamba asilimia 80 haimo. Tume iliandika kwamba waliopendelea chama kimoja ni asilimia 77.2, na waliotaka vyama vingi ni asilimia 21.5. Utasema tofauti ni ndogo, na watu barazani wana haki ya kuzungumza kwa namba za mviringo. Nakubali. Lakini hiyo ilikuwa ngazi ya kwanza tu. Jambo la pili: hao hawakuwa "Watanzania". Walikuwa watu 36,299 waliojitokeza kutoa maoni, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1988 ilihesabu zaidi ya watu milioni 23. Hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu kama zifanyavyo kura za maoni za kitafiti. Walikuja kwa miguu yao mikutanoni, au waliandika. Aliyekuja mkutanoni mwaka 1991, katika nchi ambayo chama kilikuwa na balozi kila nyumba kumi, alikuja na mengi kichwani: nani amekaa karibu yangu, nani ataandika jina langu, nini kitafuata nikishasema. Namba ile si kura. Ni hesabu ya waliosema, na ya walichoona wanaweza kukisema.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niifunge ripoti nikatoka nje kupunga upepo. Miongoni mwa hao waliosema chama kimoja kiendelee, wengi hawakusema kiendelee kama kilivyo. Walitaka kibadilike, na serikali ibadilike. Yaani ukiwajumlisha waliotaka vyama vingi na waliotaka chama kimoja kilichorekebishwa, walioridhika na hali ilivyokuwa ndio waliokuwa wachache. Na Zanzibar mizani ilikuwa tofauti na Bara: pengo kati ya pande mbili lilikuwa dogo zaidi. Yote haya yamo ndani, kwa Kiswahili, lugha ambayo baba yangu angeweza kuisoma bila msaada wangu. Kwa miaka saba nchi nzima ilikuwa ikipeana namba moja, na namba hiyo ilikuwa imeziba habari tatu kubwa kuliko yenyewe.

Sentensi yangu ilisema serikali iliwasikiliza wachache dhidi ya wengi. Watu wa itikadi tofauti wameitumia hadithi hiyo: mmoja kusifu hekima ya viongozi, mwingine kusema vyama vingi vililetwa na wazungu. Wote wawili wanaitegemea ile asilimia 80 isimame peke yake, bila wenzake.

Nilirudi kwa Mwalimu wiki iliyofuata nikiwa na kurasa tatu za madondoo. Alizisoma. Akauliza swali jingine, na hilo ndilo lililonipa kichwa cha tasnifu: "Tume ya mwaka 1964 je, yenyewe iliulizwa nini?"

Nikavuta tena droo ya T. Januari 1964 Rais Nyerere aliunda tume chini ya Rashidi Kawawa juu ya chama kimoja cha kidemokrasia, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1965. Mimi niliichukulia kuwa tume hiyo iliwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja. Haikuwa hivyo. Uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa. Tume ilipewa kazi ya kupendekeza namna ya kuutekeleza. Weka taarifa hizo mbili juu ya meza moja, ya 1965 na ya Nyalali ya 1992, na jambo linaonekana bila kuelezwa na yeyote: ya kwanza iliambiwa ijibu "vipi", ya pili iliruhusiwa kuuliza "kama". Kati yake kuna miaka 27 ya maisha ya nchi. Sikulipata wazo hilo katika kitabu cha mtu. Lilitoka mezani, kwa sababu karatasi mbili ambazo kwa kawaida hukaa mbali zilikuwa zimefunguliwa pamoja.

Katika ripoti ya Nyalali kuna sehemu inayozungumzia sheria zinazobana haki, sheria 40 ambazo Tume ilisema zifutwe au zirekebishwe. Ipo Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962. Ipo Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Nilikuwa nikiipitia orodha haraka haraka, kidole kikishuka, mpaka kikasimama kwenye Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Mwaka ule mjomba wangu alikuwa Dar es Salaam akiuza maji ya matunda. Alikamatwa pamoja na wengine kwa kukosa kitambulisho cha kazi, wakapakiwa kwenye lori, na ikapita miezi kabla hatujajua yuko wapi. Nyumbani tulilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, kama aibu ya ukoo. Mama alikuwa akiamini kwamba ndugu yake alikosea mahali fulani. Sasa ninaiona sheria yenyewe, ina namba, imeorodheshwa na tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu wa nchi kwamba haifai. Likizo ilipofika nilimsomea mama maneno niliyoyanakili. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe hakukosea." Sijaandika kitu cha kisomi kilichokuwa na uzito kwangu kushinda dakika ile.

Baada ya ripoti nilihamia kwenye Majadiliano ya Bunge, ambayo kila mtu anayaita Hansadi. Ushauri wangu kwa anayeanza: usiyaogope unene wake. Tafuta kwanza tarehe. Mabadiliko ya nane ya Katiba ni Sheria Namba 4 ya mwaka 1992, Sheria ya Vyama vya Siasa ni Namba 5 ya mwaka huohuo, na vyama vingi vilianza kisheria tarehe 1 Julai 1992. Ukiwa na namba ya sheria unarudi nyuma hadi muswada, na kutoka kwenye muswada unafika siku uliyojadiliwa. Kisha soma siku nzima, usisome mchango wa mbunge unayemjua tu. Waandishi wa Bunge wetu huweka katika mabano mahali wabunge walipopiga makofi na mahali walipocheka, na mimi nilijifunza kuyasoma mabano yale kwa makini kama maneno yenyewe. Mbunge husema anaunga mkono hoja mia kwa mia, makofi hakuna. Dakika mbili baadaye anaonya juu ya ukabila na vurugu, makofi yanajaa ukumbi. Hapo ndipo unapoijua hofu ya Bunge lile, bunge la chama kimoja lililokuwa likipitisha sheria ya kulimaliza bunge la aina yake.

Magazeti niliyasoma sambamba, Uhuru upande mmoja na Daily News upande wa pili, siku kwa siku. Kazi hiyo inachosha macho na mgongo, wala sina njia ya mkato ya kuipendekeza. Faida yake ni moja. Gazeti linakuonyesha kilichokuwa pembeni ya habari yako: bei ya sukari, mgomo, matokeo ya mpira, tangazo la msiba. Tasnifu nyingi za siasa zimeandikwa kana kwamba mwaka 1991 watu walikuwa wakiwaza vyama tu.

Kosa langu kubwa nalieleza hapa ili lisirudiwe. Nilinakili maneno ya mbunge mmoja, mazito, yaliyobeba sura nzima ya nne, na kwenye kadi yangu sikuandika ukurasa wala tarehe. Niligundua nikiwa Tanga, wiki moja kabla ya kukabidhi kazi. Nilipanda basi alfajiri, nikafika Ubungo, nikapanda daladala hadi chuoni, nikatumia siku mbili nikitafuta sentensi mbili katika maelfu ya kurasa. Nilipozipata niliona kwamba nilikuwa nimeacha neno moja katikati, na neno hilo lilikuwa "labda". Mbunge alikuwa na shaka. Mimi nilimfanya awe na hakika. Tangu hapo siandiki dondoo kabla ya kuandika kwanza ukurasa, tarehe na jina la chanzo juu ya kadi. Hili ni suala la haki ya mtu aliyesema, hasa akiwa amekwisha kufa na hawezi kujitetea.

Maktaba ya siasa si rafu moja, na mfano wangu wa siku zote kwa wanafunzi ni mgombea binafsi. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliifanya TANU kuwa chama pekee Tanzania Bara, na katiba ya TANU ikaambatishwa humo humo, kwa hiyo bila chama hakuna kugombea. Mwaka 1992 vyama viliongezeka lakini sharti la kuwa mwanachama likabaki. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda mahakamani, na Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akasema mtu huru anaweza kugombea. Kabla mwaka haujaisha Bunge likabadilisha Katiba kuzuia hilo. Mtikila akafungua shauri tena na kushinda Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba haki zake zimevunjwa. Ukimpa mwanafunzi mada hii atasoma makala mbili za mtandaoni na kuandika. Lakini hukumu iko kwenye taarifa za mashauri, upande wa sheria. Mabadiliko ya Katiba yako kwenye Gazeti la Serikali. Sababu walizozitoa wabunge ziko Hansadi. Hoja za wasomi ziko katika majarida, yakiwemo yale yaliyozaliwa papo hapo Mlimani, Taamuli na The African Review, ambayo Idara ya Sayansi ya Siasa iliyaanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anayekwenda rafu zote nne huona kitu ambacho hakuna rafu inayokisema peke yake: mihimili mitatu ya dola ikijibizana kwa miaka zaidi ya kumi na tano juu ya haki ya mtu mmoja.

Nafundisha sasa, na mambo yamebadilika, mengi kwa heri. Mlimani maktaba mpya ilifunguliwa Novemba 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000. Katalogi iko kwenye kompyuta. Majarida ambayo sisi tuliyasikia kwa jina tu mwanafunzi anayafungua kwa nywila ya chuo, kutoka JSTOR au kutoka African Journals Online, na taarifa za Bunge za miaka ya karibuni anazisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Mimi nafurahi. Sina hamu ya kumrudisha mtu yeyote kwenye ufito wa chuma.

Kinachonisumbua ni kwamba swali la Mwalimu wangu limekuwa gumu zaidi kujibiwa, wakati njia za kulijibu zimekuwa rahisi. Mwanafunzi ananiletea namba. Namuuliza imetoka wapi, ananionyesha makala. Tunafungua makala, inataja kitabu. Kitabu kinataja makala nyingine. Mara moja tulifuata mnyororo wa namna hiyo hadi hatua ya tano, na hatua ya tano ilikuwa inamtaja mwandishi wa hatua ya pili. Walikuwa wakizungukana. Chanzo hakikuwepo. Desa la kizazi changu lilikuwa la mkono na lilifika bweni la jirani. La sasa linafika duniani kote kabla ya chai ya saa nne. Na mtandaoni zimo zaidi karatasi zilizopata mtu wa kuzipiga picha. Ambazo hazikumpata bado zimelala kwenye vyumba kama East Africana, na anayefikiri kwamba kisichoonekana kwenye simu hakipo, ameifupisha historia ya nchi yake bila kujua.

Wako pia wanaoifupisha kwa makusudi. Katika maktaba moja, si ya chuo nilichokitaja, nililetewa juzuu la magazeti ya mwaka ambao nilikuwa nikiuchunguza, na ukurasa niliousafiria haukuwepo. Ulikatwa kwa wembe, kwa unyoofu kabisa, karibu na mshono. Mkutubi wa pale, dada wa umri wangu, aliutazama ule mkato kwa muda, machozi yakamlenga. Aliniambia ana hakika juzuu lile lilikuwa zima alipolipokea. Mtu mmoja alitaka habari ile iwe yake, na kwa hilo aliwanyang'anya watu wote watakaokuja baadaye.

Baba yangu alifariki mwaka 2009. Baada ya arobaini tulikaa ndugu kugawana vitu vyake, na kaka yangu akalitoa uani kasha la bati lililokuwa chini ya kitanda, limejaa makaratasi, akisema ya kuchoma haya, yamejaa mende. Nikamwomba aniachie jioni moja. Mlikuwa na kadi ya TANU, stakabadhi za michango, barua za chama cha ushirika, na chini kabisa karatasi mbili ndogo za kampeni ya uchaguzi wa mwaka 1965. Moja ina picha ya jembe, nyingine ya nyumba.

Wanaokumbuka wataelewa moyo wangu ulivyoruka. Katika uchaguzi ule wa kwanza wa chama kimoja, karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wananchi waliitumia nafasi hiyo, wakawaangusha hata mawaziri, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Watafiti wa chuo chetu walitoka kwenda majimboni kuuchunguza, na kazi hiyo ikawa kitabu kilichohaririwa na Lionel Cliffe na kuchapishwa Nairobi mwaka 1967. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nyingi. Karatasi zenyewe zilizopita mikononi mwa wapiga kura sikuwahi kuzigusa. Baba alizihifadhi zote mbili, na alikwenda kaburini bila kutuambia alichagua ipi.

Niliyabeba makaratasi yale hadi chuoni kwenye bahasha ya kaki. Yule mzee mwenye miwani ya uzi alikuwa amekwisha kustaafu. Niliyakabidhi kwa kijana aliyekaa mahali pake, akayahesabu moja moja, akaniandikia hati ya mapokezi.

Ndugu msomaji, makasha kama lile yako katika nyumba nyingi za nchi hii. Vipeperushi vya mwaka 1995, kadi za vyama vilivyokufa, kumbukumbu za mikutano ya kijiji, daftari la balozi wa nyumba kumi, barua aliyoandikiwa babu na mkuu wa wilaya: wengi wetu tunaviona ni takataka, na kila msiba vinachomwa. Kabla hujawasha kiberiti, vipeleke maktaba ya chuo kikuu iliyo karibu nawe, uulize ofisi ya hifadhi, na udai hati ya mapokezi.